Shingo Nene Si Shingo Imara



Hakuna mama asiyeikumbuka siku ile mtoto wake alipokaza shingo. Wiki zile za mwanzo unambeba kwa woga, kiganja kimoja kikiwa kisogoni mwake, na kila mgeni anayeomba kumpakata unamwambia, "Mshike kichwa, shingo bado." Halafu, mwezi wa tatu au wa nne hivi, unamlaza kifudifudi kwenye mkeka, naye anainua kichwa na kukutazama. Unaita watu waje kuona. Unajua kwamba sasa utaweza kumfunga mgongoni kwa kitenge ukaendelea na kazi zako bila wasiwasi.

Mwanangu wa kwanza alikaza shingo akiwa na miezi mitatu. Nilidhani habari ya shingo yake imekwisha. Kumbe la. Desemba ya mwaka juzi alirudi likizo kutoka shule ya bweni, amemaliza kidato cha tatu, amerefuka kama mlingoti. Hata begi hajalifungua vizuri akaniuliza, "Mama, nifanye nini shingo yangu inenepe?"

Nilicheka. Nilikuwa nachambua mchele, nikamjibu bila kuinua macho, "Kula ugali, baba, itanenepa yenyewe." Sikumwuliza kwa nini anataka.

Siku ya tatu nikamkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amejaza mawe kwenye kiroba, akakifunga kamba, kamba ile akaizungusha kichwani, naye ameinama anashusha na kuinua kichwa kwa nguvu zake zote. Nilimpigia kelele akaacha, lakini alikuwa amekwisha kujiumiza. Jioni hakuweza kugeuka kushoto wala kulia. Jumapili alikwenda ibadani shingo upande, kwa maana zote mbili za maneno hayo.

Usiku nilimkanda kwa taulo lililochovywa katika maji ya moto, nikamwuliza kwa utaratibu. Ndipo aliponieleza kwamba bwenini wanamwita Twiga. Wamemwita hivyo mwaka mzima. Wavulana wenye vifua na shingo nene ndio wanaoheshimiwa, na yeye havui shati hata uwanjani. Kisha akasema neno lililonichoma: "Mama, wewe ni nesi. Nilikuuliza wewe kwanza, ukanicheka."

Akina mama, ni mara ngapi watoto wetu hutuuliza habari za miili yao, nasi tukawajibu kwa mzaha? Wakikosa jibu nyumbani, watalitafuta kwingine, na pengine watalipata katika kiroba cha mawe. Nilimwomba radhi mwanangu. Kesho yake kazini nilimfuata mwenzetu mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia, nikamwuliza swali lilelile nililocheka. Yeye hakucheka. Alinieleza mambo ambayo mengine niliyasoma chuoni zamani nikayaweka kando, na nimeona vema niwashirikishe.

KAZI YA SHINGO

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi, sawa na dumu la lita tano lililojaa maji. Dumu hilo hukaa juu ya pingili saba za mifupa, nalo hushikiliwa na misuli mingi, mikubwa na midogo, inayotoka kisogoni, mabegani, kifuani na kando ya koo. Nilipomweleza mwanangu kwamba hata twiga, pamoja na urefu wake wote, ana pingili saba tu shingoni kama sisi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Kichwa kikikaa wima juu ya mabega, mzigo ule ni mwepesi kuubeba. Ukiinama, kwa mfano unapofua, unapochambua mboga, au unapotazama simu mapajani, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kichwa kisianguke mbele, na kadiri unavyoinama ndivyo inavyozidi kuchoka. Ndiyo sababu mama aliyeshinda kwenye beseni la nguo hulalamika jioni kwamba shingo na mabega vinawaka moto.

Sisi wanawake wa Nyanda za Juu Kusini tunajua zaidi ya hapo, kwa sababu tumelelewa na ngata kichwani. Ukisafiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu utawaona akina mama wamebeba mikungu ya ndizi. Ukipita vijiji vya Iringa utawaona na kuni na ndoo za maji. Mwaka 1986 watafiti walichapisha habari za wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba mizigo kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliwapima pumzi wakitembea, wakaona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea uchovu wowote wa kupimika. Wazungu walishangaa sana.

Lakini hebu tupige hesabu. Kwa mwanamke wa kilo 60, sehemu moja ya tano ni kilo 12. Ndoo yetu ya lita 20 ni kilo 20 za maji tu, kabla hujahesabu ndoo yenyewe, yaani theluthi moja ya uzito wake. Tena watafiti wale walipima uchovu wa kutembea. Hawakupima shingo itakuwaje baada ya miaka thelathini ya kazi hiyo. Mimi ninaijua shingo ya namna hiyo, maana ninayo. Nilibeba maji tangu darasa la kwanza, kisha nikaingia kazi ya kuinamia vitanda vya wagonjwa. Wakati mwanangu ananiuliza habari za shingo nene, mimi mwenyewe nilikuwa na miezi kadhaa ninaamka usiku na maumivu kisogoni, nikimeza dawa za kutuliza na kunyamaza.

Mtaalamu wetu aliniambia jambo moja: mwanangu anayetaka shingo nene na mimi ninayetaka shingo isiyouma, dawa yetu ni moja, nayo ni kuipa misuli ya shingo kazi ndogondogo, kwa kipimo, bila kuacha. Mwaka 2003 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya akina mama 180 wafanyakazi wa ofisini waliokuwa na maumivu ya shingo ya muda mrefu. Baada ya mwaka mmoja, wale waliofanya mazoezi ya kuimarisha shingo walikuwa na nguvu zaidi na maumivu yamepungua kuliko wenzao walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili.

MAZOEZI TULIYOYAFANYA

Tuliyafanya pamoja sebuleni baada ya maombi ya jioni, mimi na mwanangu, siku tatu kwa juma, tukipumzika siku moja au mbili katikati. Misuli hukua wakati wa kupumzika, kwa hiyo anayefanya kila siku kwa pupa hujichosha bure.

Kwanza tulipasha misuli moto kwa kupandisha na kushusha mabega na kugeuza kichwa taratibu kulia na kushoto. Kichwa hakizungushwi kama kinu.

Zoezi la kwanza ni la kidevu. Keti wima, tazama mbele, kisha rudisha kidevu nyuma kana kwamba unataka kutengeneza kidevu cha pili. Usiinue uso wala usiinamishe. Hesabu hadi tano, achia. Fanya mara kumi. Zoezi hili huonekana la kitoto, lakini huamsha misuli midogo ya mbele ya shingo ambayo kwa wengi wetu imelala.

Zoezi la pili ni kushindana na mkono wako. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele, na mkono ukatae. Kichwa kisisogee hata kidogo. Hesabu polepole hadi tano, na baada ya majuma machache hadi kumi. Kisha weka mikono kisogoni, sukuma nyuma. Kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mara tano kila upande. Mwanzoni tumia nusu ya nguvu zako. Usibane pumzi, hasa wewe mwenye shinikizo la damu. Hesabu kwa sauti, nayo pumzi itatoka yenyewe.

Zoezi la tatu, lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa. Rudisha kidevu kama katika zoezi la kwanza, kisha inua kichwa kidogo tu, kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Hesabu hadi tano, shusha taratibu. Mimi nilianza na mara tatu nikatetemeka. Mwanangu alifika kumi siku ya kwanza, akajisifu hadi asubuhi.

Zoezi la nne ni la mabega. Shika chupa mbili za maji za lita moja na nusu, simama wima, pandisha mabega kuelekea masikioni, shusha taratibu. Mara kumi hadi kumi na mbili, pumzika, rudia. Msuli mkubwa unaotoka kisogoni na kutandaa mabegani ndio unaofanya kazi hapa, nao ndio huijaza shingo kwa nyuma. Kwa kijana anayetaka unene, ndipo pa kuongeza uzito, kidogokidogo, kila baada ya majuma mawili.

Nilimweleza mwanangu ukweli kwamba mabadiliko ya kuonekana huanza baada ya miezi miwili au mitatu, na kwamba umri wenyewe utamwongezea, maana mwili wa mvulana wa miaka kumi na saba haujamaliza kujengeka. Nilimwongezea maharage, dagaa na mayai tulipoweza. Nilimkataza kabisa kiroba cha mawe, na pia nilimkataza kumruhusu kinyozi amvunje shingo baada ya kunyoa, mchezo ambao vijana wetu wameuzoea. Chini ya mlio ule hupita mishipa ya fahamu na mishipa ya damu iendayo ubongoni.

Kisha nikampa sababu bora zaidi kuliko kuogopwa bwenini. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi zaidi ya 6,000 wa sekondari nchini Marekani, wavulana kwa wasichana, wanaocheza michezo kama soka na mpira wa kikapu. Wale waliopata mtikisiko wa ubongo walikuwa, kwa wastani, na shingo dhaifu na nyembamba zaidi. Shingo imara hukizuia kichwa kisirushwe ovyo mtu anapogongwa. Mwanangu ni mlinda mlango. Alisikiliza.

MAMA MKUBWA AFUNGUA MTANDIO

Krismasi tulikwenda nyumbani kwa mama yangu, kijijini Mufindi. Baada ya "kamwene" za mlangoni na chai, wajukuu walikaa kuota moto, maana baridi ya kwetu haijali kwamba ni Desemba. Mwanangu akaanza kuwaonyesha wenzake mazoezi yake, kiganja kwenye paji la uso, anahesabu kwa sauti. Bibi yao alicheka hadi machozi. Akasema shingo yake yeye iliimarishwa na ndoo, wala hakulipa ada.

Dada yangu mkubwa alikuwa pembeni anamenya viazi. Akasema, "Mwanangu, unatafuta shingo nene? Njoo nikupe yangu." Kwa mzaha uleule akafungua mtandio wake.

Kicheko kilikatika. Mbele ya shingo, chini ya koo, palikuwa na uvimbe unaokaribia ukubwa wa ngumi ya mtoto, umeelemea upande wa kulia.

Msomaji mpenzi, ninaandika haya kwa aibu. Kwa miaka mitatu dada yangu alikuwa akijifunga mtandio shingoni, wakati wa joto na wakati wa baridi. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemwambia, "Dada, umenawiri, hata shingo imejaa!" Nilimsifu. Mimi, muuguzi wa miaka mingi, nilikiona kitenge kizuri, sikuona shingo. Alinyamaza kwa sababu jirani mmoja alimwambia ametupiwa kitu, na kwa sababu mwingine alimwambia kwamba ukipasuliwa hapo, sauti hukatika. Dada yangu ni mwimbaji. Tangu ujana amesimama sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wake. Alikuwa amechagua kubaki na uvimbe na sauti yake.

Ule ni uvimbe wa tezi ya thairoidi, tunaouita rovu, au goita kama wengi wanavyosema. Katika milima yetu si ugonjwa wa kigeni. Tezi hiyo huhitaji madini joto, yaani iodini, ili itengeneze homoni za mwili. Katika nchi za milima mvua ya miaka na miaka huyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo, hivyo mahindi na mboga zinazoota pale huwa nayo kidogo. Tezi ikikosa madini hukua, kama mtu anayepanua shamba kwa sababu mavuno ni haba. Ndiyo maana mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ilikuwa miongoni mwa ile iliyoathirika sana. Miaka ya 1980 ilianza kazi ya kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zenye shida, kazi ambayo Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa mstari wa mbele, na katika miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Wanawake wa rika la dada yangu walizaliwa na kukua kabla mambo hayo hayajaenea. Tezi iliyovimba tangu ujana yaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ikaendelea kukua na kufanya vinundu, nayo ikifika hapo chumvi peke yake haiirudishi.

Usiku ule tulilala kitanda kimoja kama zamani. Nikamwuliza kama anapata shida kumeza. Akasema ugali mgumu hukwama. Nikamwuliza kama analala chali. Akasema ameacha, maana anakabwa. Yote hayo alikuwa nayo, na hakuna aliyemwuliza.

SAUTI

Januari alikuja Mbeya. Alipimwa damu, akapigwa utrasaundi, akachomwa sindano nyembamba kutoa chembechembe za kuchunguzwa. Majibu yalisema si saratani, lakini uvimbe umeanza kubana bomba la hewa, na unapaswa kuondolewa. Dada yangu aliuliza swali moja tu kuhusu sauti. Daktari hakumficha. Alimweleza kwamba mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita nyuma ya tezi ile, kwamba daktari mpasuaji huitafuta na kuilinda, na kwamba hata hivyo hatari ipo, ingawa kwa wengi sauti hurudi.

Alirudi nyumbani kufikiri. Majuma yalipita. Mimi nilitaka kumlazimisha, lakini mume wangu akanizuia, akasema mwili ni wa kwake. Mwishoni ni shemeji yangu, mume wa dada, aliyesema, "Mimi nilikuoa kabla sijakusikia ukiimba." Siku ya Pasaka aliimba na kwaya mara ya mwisho, kama alivyodhani, na mwezi wa Mei akapasuliwa.

Alipozinduka alijaribu kuniita jina, ikatoka hewa tu. Tulishikana mikono, wala sikumwambia "usijali", kwa kuwa nilijali sana. Majuma ya kwanza alinong'ona. Mwezi Juni mwanangu aliporudi likizo alimkuta mama yake mkubwa kwetu, anapata nafuu, ana kovu jembamba na shingo iliyokakamaa, anageuka kiwiliwili kizima kama mtu aliyevaa ubao. Anaogopa kugeuza kichwa asije akafumua mshono.

Daktari alikuwa ameruhusu mazoezi mepesi ya kugeuza na kunyoosha shingo. Basi jioni baada ya maombi tukawa watatu sebuleni. Kijana ndiye aliyekuwa mwalimu. "Mama mkubwa, taratibu. Kulia. Hesabu hadi tano. Sasa kushoto." Kwa kuwa katika mazoezi yale huhesabiwa kwa sauti, dada yangu naye alihesabu, kwanza kwa mnong'ono, kisha kwa sauti ya kukwaruza. Siku moja mwanzoni mwa Julai alifika "tano" na ile "tano" ikatoka wazi, ikalia. Sote tulinyamaza. Akasema tena, "Tano." Kisha akalia machozi.

Ndoo za maji hakuruhusiwa kubeba kwa muda. Mwanangu alimbebea, wala hakuna aliyemlazimisha.

TUJITAZAME

Akina mama, chukueni kioo leo, simameni penye mwanga, inueni kidevu kidogo, mmeze funda la maji huku mkitazama sehemu ya chini ya koo. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza ni dalili ya tezi hiyo. Nenda kituo cha afya ukaoneshe, hata kama hauumi. Usichelewe ikiwa unakua upesi, ikiwa sauti imekwaruza kwa majuma matatu, au ikiwa unashindwa kumeza au kupumua. Vivimbe vya kando ya shingo visivyokwisha baada ya majuma mawili au matatu navyo vichunguzwe, kwa kuwa kifua kikuu huweza kukaa katika tezi za shingo bila kikohozi.

Mazoezi niliyoyaeleza ni ya misuli. Hayaponyi uvimbe. Wala usiyafanye kabla ya kumwona mganga kama umeanguka au kugongwa, kama mkono unakufa ganzi au unapoteza nguvu, au kama miguu inalegea. Na shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana ni jambo la kukimbilia hospitali saa ileile, maana yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Kuhusu chumvi, nunueni ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iwekwe katika chombo chenye kifuniko mbali na moto na jua, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za madini hayo kwa siku, lakini mjamzito na anayenyonyesha huhitaji 250, kwa sababu ubongo wa mtoto unayategemea. Si ruhusa ya kuzidisha chumvi, ila ni sababu ya kuchagua iliyo sahihi.

Na ndoo zetu? Sisemi tusibebe, maana maji hayaji yenyewe. Nasema tujaze nusu mara mbili pale inapowezekana, ngata iwe nene na ikae katikati ya utosi, tusaidiwe kutwika na kutua, na wavulana wetu wapewe zamu yao. Mwenye kichanga naye asisahau kumlaza kifudifudi akiwa macho na ukiwa unamtazama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba kwa siku nzima ifike nusu saa, kidogokidogo. Hilo ndilo zoezi la kwanza la shingo katika maisha ya mtu.

Kila Jumatano sasa, baada ya kipindi cha umoja wa wanawake, tunabaki dakika kumi kufanya mazoezi haya. Wapo mabibi wa miaka sabini wanaohesabu kwa sauti kuliko wote. Mimi silali tena na dawa za maumivu chini ya mto. Mwanangu amemaliza shule. Shingo yake imeongezeka kiasi, si sana, naye havai tena shati lenye kola iliyosimamishwa. Wenzake walimwita Twiga hadi mwisho, lakini anasema siku ya kuagana waliimba jina hilo kwa upendo, na aliitika.

Dada yangu hameza tena mate kwa shida, isipokuwa humeza kidonge kimoja kila asubuhi, na atakimeza maisha yake yote. Sauti ya juu haikurudi. Alikaa miezi kadhaa bila kwenda mazoezi ya kwaya, akisema nafasi yake imejaa. Krismasi iliyopita nilikwenda kusali nyumbani. Kwaya iliposimama nilimtafuta mahali pake pa siku zote sikumwona, moyo ukanienda mbio. Kisha nikamwona mstari wa pili, na sauti ya pili, bila mtandio, kovu lake likionekana na wote. Alikuwa ameinua kichwa.

Mungu awabariki, nanyi mwaulize dada zenu.